Jinsi ya Kumsikilizisha Mgeni Wimbo Unaoupenda

Kumpa mgeni chai ni rahisi, na kumpa kiti ni rahisi zaidi. Lakini kumpa wimbo unaoupenda, mkausikiliza pamoja mpaka mwisho, naye akaondoka kwako akiuimba njiani, hiyo ni kazi ya watu wazima, na wengi wetu tunaifanya vibaya. Tunauanzisha wimbo, kisha tunausemea juu yake. Tunamwambia "sikia hapa, sikia hapa" huku sauti zetu zikifunika hapo hapo tunapotaka asikie. Mgeni anatikisa kichwa kwa adabu, anatupia jicho saa ya ukutani, na wimbo uliotulea unapita sebuleni bila kusalimiwa na mtu.

Mwongozo huu ni wa kuzuia hasara hiyo. Mifano yake mingi nimeitoa kwenye muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1970 na 1980, kwa sababu huo ndio ninaoupenda kupita yote na ndio ninaoweza kuutetea mbele ya mtu yeyote. Mpenzi wa kwaya, wa kaswida au wa singeli abadilishe majina tu. Kanuni hazibadiliki.

Anza kwa kumchagua mgeni. Si kila anayepiga hodi anafaa. Aliyekuja kudai deni lake hafai, hata awe mpenzi wa muziki kiasi gani, kwa maana kila ubeti atauona kisingizio. Mwenye njaa hafai mpaka ale. Mkwe hafai katika ziara ya kwanza: siku hiyo atasifu chochote utakachompigia, hata tangazo la sabuni, na sifa ya namna hiyo haikusaidii kitu. Anayefaa ni mtu mwenye nafasi, aliyeshiba, asiyekuogopa. Jirani wa siku nyingi anafaa. Shemeji anafaa sana. Mjomba aliyekuja mjini kwa matibabu, akachoka kutazama taarifa ya habari, huyo ni mgeni wa dhahabu. Kijana wa chuo naye anafaa, ila ana masharti yake, nitayafikia.

Kabla hujamwita akae, jiulize swali gumu: wimbo huu unaupendea nini? Wengi wakiulizwa hivyo husema "ni mzuri tu", wakanyamaza. Jibu hilo halitoshi. Kaa peke yako, upige wimbo wako mara kadhaa, na kila unapohisi mwili umesisimka, weka kidole. Kila wimbo unaopendwa una mahali pake. Pengine ni pale mwimbaji wa pili anapoingia chini ya wa kwanza. Pengine ni pumzi tu kabla ya kiitikio. Ukishapajua mahali hapo, umejua unachompa mgeni.

Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 wakati baadhi ya wanamuziki walipotoka Simba Wanyika, ambayo nayo ilikuwa imetoka Tanzania. Watu watakuambia wanaupenda kwa maneno yake, na ni kweli maneno ni machache na yanashikika: mtu anajitetea. Lakini hebu uanze bila kusema jina lake, mahali popote penye watu waliovuka miaka arobaini, kutoka Tanga hadi Kisumu. Watautambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wanachokitambua ni gitaa la rithimu la Omar Shabani. Katika bendi nyingi rithimu hukaa nyuma, ikishika nyumba ili solo atoke kutamba. Hapa imekaa mbele kabisa, na kile inachokipiga ni kifupi, kinajirudia, na hakichoshi. Halafu sikiliza besi ya Tommy Malanga. Haijazi kila nafasi. Inasema neno, inanyamaza, inarudi. Mimi kidole changu kipo kwenye ule unyamavu. Ndio unaowafanya watu waache sahani ya pilau harusini na kwenda kucheza: mwili unasikia pengo na unataka kulijaza.

"Majirani Huzima Redio" ya DDC Mlimani Park Orchestra, maarufu kama Sikinde, unapendwa kwa sababu nyingine. Muziki wake ni wa Sikinde halisi, tarumbeta na saksafoni zimekaa mahali pake, lakini kidole cha wengi kipo kwenye kisa. Mume na mke wanagombana, na majirani wanazima redio zao ili wasikie vizuri. Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga, vyumba vimetazamana kwenye korido moja, dari hakuna na kuta zimeishia chini ya paa, anajua kwamba huo si utunzi wa kubuni. Ndivyo watu walivyoishi Kariakoo, Magomeni, Ilala na Temeke. Na utamu wake ni kwamba wimbo wenyewe uliwafikia watu hao kwa redio, ile ile ya serikali, Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo bendi zilikwenda kurekodi katika studio zake. Fikiria chumba ambamo wapangaji wamegombana jana, leo redio ya jirani inaimba habari zao. Ukimpigia wimbo huu mtu aliyekulia nyumba yenye uzio na mbwa, mweleze kwanza habari ya dari. Hilo ndilo jambo pekee ninaloruhusu lielezwe mapema.

Wapo pia wanaoupenda wimbo bila kuelewa neno hata moja, na wasione haya. "Charonyi ni Wasi" ya Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi wa Kenya iliyoongozwa na Habel Kifoto, umeimbwa Kitaita. Unasimulia tabu za ugenini. Watu wasiojua Kitaita hata cha kuombea maji wanauimba wote, kwa silabi walizozikamata kwa masikio, na wanauimba kwa huzuni iliyo sahihi kabisa. Sauti ya Kifoto imekwisha kuwaambia yaliyomo. Wakongo wametufanyia hivyo hivyo kwa Kilingala miaka nenda rudi. Mgeni akikuuliza "anasemaje hapo?", na wewe hujui, sema hujui na muendelee kusikiliza. Usimtungie tafsiri.

Sasa vyombo. Simu haifai. Najua kuna watu huitumbukiza simu ndani ya glasi ili sauti ikue, na kweli inakua, lakini inakua juu tu. Sauti nene inahitaji kusukuma hewa nyingi, na kispika cha simu hakina upana wa kuisukuma. Ukimpigia mgeni "Sina Makosa" kwa simu umemwondoa Tommy Malanga kwenye bendi, nawe hukupewa mamlaka ya kumfukuza mtu kazi. Tafuta spika halisi, hata iwe ya zamani. Ukiwa na sabufa, itie adabu: watu wakishaipata huzungusha kitufe cha besi mpaka mwisho, na mgeni anakaa pale akisikia kifua chake mwenyewe kikigonga huku magitaa matatu yamezama. Besi iwe sawa na wenzake. Feni izimwe kama joto linaruhusu. Mtoto anayelia achukuliwe na shangazi yake kwa muda, atarudishwa.

Simu ya mgeni nayo ishughulikiwe. Usimnyang'anye. Mwambie tu kwa heshima, "Shemeji, hebu nikuwekee simu yako kwenye chaji." Hakuna anayekataa chaji.

Kinachofuata ndicho kigumu kuliko vyote, nacho ni kufunga mdomo. Hasa usianze na historia ya msanii. Nitakupa mfano wa Mbaraka Mwinshehe, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka. Ukitaka kumpigia mtu "Shida", ulimi unawasha umwambie kwamba huyu bwana alitokea Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34 tu. Yote ni kweli. Lakini ukiyasema kabla, mgeni atasikiliza msiba. Atakaa na uso wa matanga kuanzia noti ya kwanza, kila gitaa ataliona ni kilio, na hatasikia jinsi vidole vya mtu yule vilivyokuwa vyepesi, jinsi solo lake linavyoongea na sauti yake mwenyewe, moja ikiuliza na nyingine ikijibu. Mbaraka alikuwa mtu hai alipopiga pale. Mwache mgeni amsikie akiwa hai kwanza. Wimbo ukiisha, mwambie. Atakuomba uurudie, na mara ya pili utakuwa wimbo mwingine, nawe umempa nyimbo mbili kwa moja.

Tufike kwenye moyo wa jambo. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mashairi na kiitikio, mwendo wa taratibu, watu wamekaa au wanacheza kwa kushikana. Ya pili ndiyo wanamuziki wanayoiita chemko: maneno yanapungua, magitaa yanakaza, tumba inaamka, waimbaji wanaanza kuitana majina. Zamani mgawanyo huu ulionekana kwa macho. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika hazikuwa na nafasi ya wimbo mrefu upande mmoja, kwa hiyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B. Katikati ya wimbo mtu alilazimika kuinuka, kunyanyua sindano, kuigeuza santuri, kuipangusa vumbi, kuishusha sindano tena. Chumba kizima kilingoja. Nakuambia, ule mngojo ulikuwa sehemu ya wimbo. Watu walivuta viti pembeni wakati huo. Aliyekuwa amevaa kandambili alizivua.

Siku hizi kidole kinaruka. Mtu anaanzisha wimbo, anauvuta mbele mpaka kwenye chemko, anacheza nusu dakika, anahamia mwingine. Au ameukuta tayari umekatwa kipande, umebandikwa kwenye video ya mtu anayepika ugali, na anadhani huo ndio wimbo. Huo ni unyang'anyi. Chemko ni tamu kwa sababu ya yale yaliyoitangulia. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na waliosema hivyo walikuwa sahihi hata kwa vipimo vya maabara. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wakiwemo Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, walichapisha utafiti ambao washiriki wake walileta muziki waupendao wenyewe, ule unaowasisimua mwili. Wakapimwa ubongo wakati wakisikiliza. Dopamini, ile kemikali ya mwili inayoambatana na raha na kutamani, ilitoka mara mbili. Ilitoka kwenye kilele cha msisimko, na hilo lilitarajiwa. Lakini ilitoka pia kabla ya kilele, katika sehemu nyingine ya ubongo, wakati msikilizaji anajua kinachokuja na bado hakijafika. Yaani kungoja kwenyewe kuna utamu wake, tena utamu wenye chumba chake kichwani.

Kwa hiyo unaporuka mashairi ili uwahi chemko, umetupa nusu ya raha yako jalalani. Na unapomrushia mgeni ambaye hajawahi kuusikia wimbo huo, umemtendea vibaya zaidi, maana wewe angalau una kumbukumbu ya yaliyorukwa. Piga wimbo mzima. Ukiwa wa dakika kumi, ni dakika kumi. "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, haina haraka hata kidogo. Inakaa na yule kijana msomi anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri kama wazee wanavyokaa na kesi, wakirudia, wakiongeza ushahidi. Anayeufupisha hakumsikia Franco.

Wakati wimbo unapigwa, usimkodolee mgeni macho. Mtu hawezi kusikiliza huku anaangaliwa usoni kama mgonjwa aliyepewa dawa. Tazama dirishani. Panga vikombe, polepole, bila kugonganisha. Ukitaka kujua kama umemgusa, tazama mguu wake kwa pembe ya jicho. Uso wa mgeni una adabu na utakudanganya. Mguu hauna adabu. Mguu ukianza kugonga sakafu kwenye mashairi, ujue una mtu mwenye sikio. Ukianza kwenye chemko, ni kawaida, hata asiyependa muziki hugonga pale. Usipogonga kabisa usihuzunike bado, wengine husikiliza kwa shingo.

Taarabu ina sheria zake, na anayezipuuza ataharibu undugu. Katika dansi mtu hupenda wimbo kwa mwili wote na hakuna anayemuuliza kwa nini ameinuka. Ukumbini kwenye taarabu, mama anainuka wakati wa mstari maalumu, anakwenda mbele kwa madaha, noti mkononi, anamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unaangalia ni nani kainuka na kainuka kwenye mstari gani. Kutunza pale ni kusema: mstari huu ni wangu. Mtunzi hakumtaja mtu. Ameimba habari ya ua, ya ndege, ya chombo kilichovunjika. Jina unalijaza wewe, kimoyomoyo, na ndiyo sababu wimbo mmoja wa taarabu unaweza kupendwa na wanawake mia kwa ugomvi mia tofauti. Wakati wa mashindano ya vikundi vya TOT na Muungano miaka ya 1990, watu walikwenda ukumbini na adui zao vichwani, wakawatumia salamu kwa noti.

Kwa hiyo kama wewe na mgeni wako mna jambo lililobaki, deni, mpaka wa kiwanja, maneno yaliyosemwa kwenye arusi, usimpigie taarabu. Hata ukichagua wimbo usio na kosa lolote, ataukuta mstari wake. Ataaga mapema. Mpigie taarabu mtu ambaye moyo wako kwake ni mweupe, na hapo anza juu kabisa, kwa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akauza vyungu, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Santuri hizo zina mikwaruzo, na mgeni atakunja uso mwanzoni. Mwache. Sikio huzoea mikwaruzo kama jicho linavyozoea giza, na nyuma yake kuna sauti iliyoimba mambo ya mjini wazi wazi. Katika "Kijiti" alisimulia mauaji ya mwanamke na muuaji aliyetoroka. Watu wa Unguja hawakuupenda wimbo ule kwa kuburudika peke yake. Waliupenda kwa sababu mtu alisema kwa sauti kitu ambacho mji mzima ulikuwa ukikisema kwa kunong'ona, na kutoka kwa mwanamke wa shamba aliyepanda jukwaa la wakubwa, kilisikika mpaka ng'ambo.

Wimbo umeisha. Nyamaza bado. Usiulize "umeonaje?" hata sauti ya mwisho haijatua. Acha mgeni aseme wa kwanza. Akisema "ni mzuri", shukuru, mwongeze chai, na usimpigie mwingine siku hiyo, amekupa alichonacho. Akisema "pale katikati panapobadilika, parudie", huyo ni ndugu yako, mpe namba yako ya pili. Na akiuliza "huyu anayepiga gitaa ni nani?", chinja kuku. Hakuna swali la heshima kuliko hilo.

Akisema hakuupenda, hapo ndipo wengi hukosa ustaarabu. Muulize mahali. "Solo inarefuka mno" ni jibu la mtu aliyesikiliza, na linastahili mjadala mrefu kuliko "mzuri" ya adabu. Mbishane. Mashabiki wa Sikinde na wa bendi ya Msondo wamebishana tangu miaka ya 1970, bendi moja ikimvuta mwimbaji wa nyingine, na kwa ubishi ule watu walijifunza kusikiliza, maana huwezi kuitetea bendi yako mbele ya shabiki wa Msondo kwa kusema ni nzuri tu. Atakucheka mtaa mzima usikie. Ilibidi ujue nani kaimba, nani katunga, na nani kahama.

Nilisema kijana ana masharti yake. Ni haya: ukimpigia wimbo mmoja, naye akupigie mmoja, na wewe uusikilize kwa kanuni zile zile, feni imezimwa, mdomo umefungwa, simu kwenye chaji. Hakuna cha kusema "hizi ni kelele" kabla ya ubeti wa pili. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wamegundua kwamba miaka ya ujana, kuanzia mwishoni mwa utoto mpaka kwenye ishirini na kitu, ndiyo huacha alama nzito kuliko miaka mingine ya maisha, na nyimbo za wakati huo hung'ang'ania kuliko zote. Kwa hiyo wimbo wako wa mwaka 1979 una faida moja ambayo kijana hawezi kuipata: ulikukuta wewe ukiwa na miaka kumi na saba. Yeye umemkuta amekaa kwenye kochi lako, ameshiba. Usidai alie machozi.

Na ukisikiliza kwa haki utashangaa. Kijana aliyekua mwanzoni mwa miaka ya 2000 atakupigia "Ndio Mzee" ya Profesa Jay, mgombea anamwaga ahadi zisizowezekana na umati unaitikia. Weka kidole kwenye ule uitikiaji. Ni kiitikio cha ngoma, ni cha mkutano wa hadhara, ni cha kijijini kwa babu yako. Ukimaliza mpigie Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja kuwa wa Sinza kabisa, aliyeimba kuhusu kondomu katika "Mambo kwa Soksi" wakati redio haikutaka kuupiga. Huhitaji kumhubiria kijana kwamba mambo hayakuanza na kizazi chake. Ataona mwenyewe kwamba hawa wawili ni wa ukoo mmoja, na wewe utaona hivyo pia, na mtakuwa mmepeana kitu sawasawa.

Jambo la mwisho ni la majina. Zamani msikilizaji aliandika kadi kwenda redioni, akaomba wimbo, akajaza majina ya watu wa kusalimiwa: wazazi, wajomba, walimu, wote wa ofisini, na yeyote anayemfahamu. Mtangazaji aliyasoma yote kwa subira, kisha akataja jina la wimbo na bendi, basi. Mpiga besi hakutajwa. Kwenye lebo ya santuri mara nyingi ilikuwa hivyo hivyo, bendi na mtunzi, na wengine wote wamebaki ndani ya mlio wao. Ndiyo maana nimesisitiza kidole tangu mwanzo. Pale unapoweka kidole, kuna mtu aliyekuwa amesimama studio, jasho likimtoka, akipiga kitu hicho kwa malipo madogo, na wengi wao walikufa bila kujua kwamba ni hapo hasa tulipowapendea.

Wachache bado wapo. Wapo wapiga rithimu wa bendi za miaka ya 1970 wanaokaa uswahilini na wajukuu, wapo wapiga tumba wanaouza maji dukani, na wapo mashabiki wazee wanaokumbuka nani alipiga nini usiku gani na katika ukumbi gani. Chukua daftari. Andika jina la wimbo, na mbele yake jina la kila aliyepiga, ala kwa ala. Kama mtaani kwenu kuna mzee wa namna hiyo, mpelekee wimbo wake kesho ausikilize, muulize majina, na usingoje matanga yake.